Shofere Atarudi Sehemu ya Pili

Mashine ya kinyozi ikipata moto hutoa harufu ya mafuta yanayoungua, na harufu hiyo ikichanganyika na spiriti wanayopaka kichwani, mimi hukunja uso kabla hata sijajiuliza kwa nini. Jumamosi iliyopita nilikuwa nimekaa katika saluni moja pale Kabalagala, binti yangu yuko kwenye kiti, amefungwa shuka shingoni, anakatwa nywele zote kwa sababu shule inafunguliwa Jumatatu na shule zetu za Kampala hazitaki kumwona msichana na nywele zake. Alikuwa amenuna. Nikamwambia zitaota. Akaniuliza kama mimi nilipokatwa zangu nililia. Nikamjibu hapana, na kwa hilo sikumdanganya.

Juu ya kioo palikuwa na televisheni, na ndani yake mwanamume mwenye koti refu la rangi ya udongo alikuwa anakimbia juu ya mapaa ya jiji ambalo sijawahi kulijua jina. Sikuwa nimemwona mtu yule tangu utotoni, na bado ningemtambua hata kwa kisogo. Halafu akafungua mdomo akasema Kiingereza, nami nikashtuka kama mtu aliyekutana na jirani wa zamani akamkuta amebadili dini. Nikamwomba kinyozi asibadilishe chaneli.

Kwangu mimi mtu yule alikuwa Mkongo. Jina lake lilikuwa Komiseri, lugha yake Kiswahili cha kwetu Kivu, na sauti yake ilikuwa ya baba yangu mdogo, Bahati, ambaye tulimzika mvua za juzi na sikumlilia.

Nyinyi wa rika langu mliokulia Kampala hamhitaji kuelezwa kibanda cha video. Mabati, pazia zito mlangoni, mabenchi yasiyo na migongo, joto la watu na vumbi linaloungua juu ya amplifaya. Na mnakumbuka VJ, yule mtafsiri anayekaa pembeni ya skrini na maikrofoni, anapunguza sauti ya filamu na kusema yeye kwa niaba ya kila mtu: polisi, mwizi, mchumba, hata mbwa. Ila nyinyi wengi mlisikia VJ wa Kiganda. Sisi tuliotoka Kongo tukiwa wageni, Kiganda kilikuwa bado kinatupita masikioni. Kwa hiyo Hajati, Mnubi wa Kibuli aliyekuwa na kibanda kwenye mteremko chini ya msikiti, akaona wateja wanapita nje wakitazama picha za mlangoni kwa hamu, akamwita Bahati. Bahati alikuwa mwalimu wa Kiingereza huko kwetu. Kampala haikuwa na darasa la kumpa, basi akapewa maikrofoni iliyofungwa solotepu nyeusi.

"Wewe ongea tu," Hajati alimwambia. "Watu yako wakicheka, mimi niko sawa. Lakini adhana ikianza, mimi nazima sauti. Hiyo hapana jadiliana."

Na alizima kweli, kila mara. Mwadhini akianza, Hajati alinyoosha mkono akabonyeza amplifaya, na watu wa kwenye skrini wakaendelea kupigana kimya kama samaki. Sisi Wakristo tulikaa kwa adabu na nguo zetu za kanisani mpaka adhana iishe. Hakuna aliyenong'ona.

Bahati hakuwa na kipaji cha kubuni, nasema ukweli wa Mungu. Kipaji chake kilikuwa kuiba. Mama Furaha, jirani yetu, akigombana na mumewe Alhamisi kuhusu samaki aliyeliwa na paka, Jumapili utamsikia mke wa jambazi akimgombeza mumewe kuhusu samaki na paka, maneno yaleyale, mpaka Mama Furaha mwenyewe anafuta machozi ya kicheko. Mbuzi wa Hajati aliingia katika filamu ngapi sijui. Tulikuwa tunakwenda kibandani nusu kumwona Komiseri na nusu kusikia wiki hii nani ameibiwa.

Komiseri alikuwa mpelelezi. Kazi yake ilikuwa kutafuta watu waliopotea, na katika kutafuta alivunja milango mingi na magari mengi. Wanaume walipenda ngumi zake. Mimi nilipenda kwamba hakati tamaa. Mtu akipotea, Komiseri anavaa koti, anaangalia picha yake, anaanza kuuliza nyumba kwa nyumba, na mwishowe anampata. Sikuona sababu asimpate baba yangu.

Baba alikuwa shofere wa lori. Tulipokimbia, alitufikisha mimi na Mama mpakani, kisha akarudi na Bahati kumchukua bibi yangu. Bahati alitufuata Kampala peke yake. Baba, niliambiwa, yuko njiani. Barabara zimefungwa, zikifunguliwa atafika. "Atakuya," Mama alisema kila nilipouliza, na akageukia sufuria. "Atakuya, Sifa," alisema Bahati nyuma ya pazia lililogawa chumba chetu kimoja cha Kibuli, yeye upande ule, sisi upande huu. Nilikuwa na umri wa kuamini kwamba watu wawili wakubwa wakisema neno moja basi neno hilo ni kweli.

Hata nywele zangu zilikuwa zinamngojea. Shule ilitaka wasichana wote wanyolewe, na Mama akakataa katakata. Alikwenda kwa mwalimu mkuu amevaa kitenge cha kanisani, akaeleza kwa Kiswahili, mwalimu akajibu kwa Kiganda, wakaelewana kwa ukali wa macho tu. Nikaachwa na nywele zangu chini ya kitambaa, na darasa zima likaniita mugole, yaani bibi harusi. Nilirudi nyumbani nikilia, nikimwomba Mama anikate niwe kama wenzangu. Yeye alinikalisha katikati ya magoti yake akazisuka upya, akivuta mpaka macho yananitoka. "Baba yako akuye akukute na nywele yako," alisema. Mama ni mtu mpole, kwa mambo mengine yote alikubali alichoambiwa na mji huu, lakini kwa nywele zile hata askari wasingemweza.

Katika sehemu ya kwanza, Komiseri alikuwa na mwenzake, mtu mnene mcheshi mwenye kofia, ambaye anaendesha lori. Bahati akampa jina la Shofere. Mnajua nilivyomwangalia mtu yule. Alipokula, nilijiuliza kama Baba amekula. Alipoimba akiwa ameshika usukani, nilisema ndiyo, ndivyo wanavyoimba. Karibu na mwisho majambazi wanawafukuza, nao wamevuka daraja sasa hivi. Shofere anafunga breki, anamsukuma Komiseri nje ya lori, anafunga mlango, na kamera inamkaribia usoni pale dirishani. Bahati akashusha sauti kwenye maikrofoni, ile sauti ya mtu anayeongea na mmoja.

"Weye shuka. Miye narudia. Umuambie mama wa mutoto, yule mudogo asikatwe nywele mpaka nifike nizione."

Kibanda kikapasuka kwa kicheko. Mtu anafukuzwa na bunduki, anawaza nywele! Na kila aliyetujua akageuka kunitazama. Mama Furaha, aliyekuwa kando yangu, akanivua kitambaa kichwani watu waone. "Sifa, umeingia mu filimu!" Nilijua Bahati ameiba tena, safari hii ameiba ukaidi wa Mama, na wa kuibiwa ni sisi! Nikapanda juu ya benchi nikapiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Nilifurahi kuliko siku yoyote ninayoikumbuka ya utoto ule.

Halafu lori likageuka, likaingia darajani likiwa na majambazi mbele yake, na moto ukajaa skrini nzima. Kicheko kikakatika. Bahati mwenyewe alinyamaza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, maana hata gari likiungua yeye alikuwa na neno la kuliombea. Nikasikia jenereta ya Hajati nje.

"Ameruka!" Bahati akapiga kelele ghafla. "Bandugu, hamukuona? Kamera haikuona, lakini miye niliona. Ameruka mu maji. Shofere atarudi sehemu ya pili!"

Watu wakashangilia, wakapigana mabega. Mama alikuwa pale mlangoni na beseni lake la karanga alizokuwa akiuza, na nilipomgeukia ili tushangilie pamoja, nilikuta ametupa mgongo, anafuta macho kwa kitenge. Nilidhani ni moshi wa jenereta.

Sasa nikiwa mtu mzima naelewa kwa nini kibanda kile kiliiabudu sehemu ya pili. Watu wengine hupenda sehemu ya pili kwa sababu wanataka ngumi zaidi. Sisi kila mmoja alikuwa na sehemu ya kwanza aliyoiacha huko nyumbani imekatika katikati: mtu hajazikwa, mwingine hajulikani alipo, nyumba haijulikani kama imesimama. Kuambiwa kuna sehemu ya pili ilikuwa kama kuambiwa kuna anayeishughulikia. Mimi nilikuwa na hesabu yangu ya kitoto, nyepesi kabisa. Shofere akirudi, Baba atarudi. Sikumwambia mtu. Nilisali kwa ajili ya Shofere kanisani, na nina hakika mchungaji alidhani namtaja baba yangu.

Tulingoja. Nilimuuliza Bahati sehemu ya pili imefika wapi, kama watu wanavyouliza basi. "Haijafika," alisema. Hajati naye alimuuliza, wateja walimuuliza, na kila mtu jibu lilikuwa hilo. Mimi nilidhani kipindi hicho chote Komiseri na Shofere wanaishi mahali fulani, wanakula na kulala, na kwamba wakimaliza kuishi ndipo filamu itatumwa.

Aliyeniambia kwamba imefika ni Nakato, rafiki yangu wa pekee shuleni, mtoto wa Kiganda aliyejifunza Kiswahili sokoni kwa mama yake. "Wewe, hiyo firimu yako iko Kabalagala tangu zamani," alisema. Siku tuliyomaliza mitihani tukashuka Kibuli kwa miguu, tukapita Nsambya, tukafika kwenye kibanda kimoja nyuma ya baa, na kaka yake aliyekuwa akikata tiketi akatusukumiza ndani.

Ilianza na mvua. Komiseri amesimama na koti lake, ameshika maua meupe, mbele yake kuna kaburi. VJ wa pale alikuwa na sauti nene ya haraka, na Kiganda changu wakati ule kilitosha kununua chumvi na kutukanana. Lakini neno moja nililijua, maana watoto tulilitumia kila siku kwa panya na kwa kuku. Yafa. Kafa. Alilisema akacheka kidogo, akaendelea na mambo mengine.

"Amesema yafa?" nikamuuliza Nakato.

"Yafa, kale. Wewe hapana ona? Gari ilichomeka yote."

"Aliruka majini."

Nakato akanitazama kama vile nimemwambia mbuzi anasoma. "Nani alikwambia? Alikufa mu ile ya kwanza. Kila mtu anajua."

Sikuona filamu iliyobaki. Nilirudi peke yangu na nikamkuta Bahati anapiga pasi shati lake la Jumapili. Sikumwambia nilikotoka. Nilimuuliza tu: Shofere atarudi? Akaacha pasi juu ya meza, akaniangalia muda mrefu kwa macho yale ya mwalimu. Nilitaka aseme sijui. Naapa, angesema sijui ningemheshimu mpaka leo.

"Atakuya," akasema. "Miye niko najua."

Na mimi nikapata njia ya kumwamini. Akili ya mtoto ni fundi, haikosi msumari. Nilijiambia kwamba filamu ya Kiganda ni ya Waganda. Katika Kiganda Shofere amekufa. Ni msiba wao. Ya Kiswahili itakuja na picha zake, na humo atatoka majini na kofia yake imelowa. Nililala na wazo hilo, na sikuwa nimelala vizuri vile tangu lini sijui.

Jumapili moja baadaye, tangazo la sehemu ya pili likabandikwa mlangoni kwa Hajati. Wateja walikuwa wamechoka kungoja, nadhani, na Hajati alikuwa amechoka kuwaona wakihamia kwingine. Tulitoka kanisani moja kwa moja. Kibanda kilijaa mpaka watoto tukakaa mapajani mwa watu tusiowajua, ila mimi nilipata nafasi yangu kando ya Mama Furaha. Mama alikuwa mlangoni na karanga zake. Bahati alikuwa na shati lile lililopigwa pasi. Alipita katikati yetu na maikrofoni bila mzaha wowote, akakaa pembeni mwake, akakohoa.

Na mvua ikaanza. Koti lile. Maua yale meupe. Kaburi lilelile, hata jani lililolowa juu ya jiwe lilikuwa lilelile. Hakukuwa na filamu ya Waganda na filamu yetu. Ilikuwa moja.

"Kaburi la uongo!" Bahati alipaza sauti. "Musidanganyike, bandugu! Komiseri anadanganya majambazi. Mule ndani ni mawe tu. Shofere iko mu njia!"

Wakapiga makofi. Wanaume wazima, akina mama wenye vitenge vya kanisani, walipiga makofi kwa kaburi. Filamu ikaenda, milango ikavunjwa, na kila mara Shofere alipokosekana Bahati alimtia: anapiga simu, ametuma salamu, amejificha kwenye nyumba hiyo hapo nyuma, hamwoni taa? Na mimi nilikuwa natazama midomo. Komiseri alikuwa hasemi na simu yoyote. Nyumba ile haikuwa na mtu. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya baba yangu mdogo ilianzia Kivu ikafika Kibuli, na ilikuwa bado inakwenda.

Karibu na mwisho Komiseri akarudi kaburini. Akapiga magoti, akatoa kofia ndani ya koti, ile kofia ya Shofere, imeungua upande mmoja, akaiweka juu ya jiwe. Bahati alikuwa ameshafungua mdomo. Hapo adhana ya alasiri ikaanza, na Hajati akanyoosha mkono akazima amplifaya.

Kimya kikatanda, adhana peke yake juu ya mabati, na mtu yule mkubwa analia kwenye skrini bila sauti. Hakukuwa tena na sauti ya kuniambia ninachoona. Nikasimama juu ya benchi, palepale nilipokuwa nimesimama nikapiga makofi.

"Muongo," nikamwambia Bahati. Sikupiga kelele, haikuhitajika. "Amekufa. Unajua amekufa."

Nilikuwa namsema Shofere. Mungu ni shahidi wangu, sikuwa na mwingine kichwani. Lakini pale mlangoni beseni la karanga lilianguka, na sauti ya Mama ikaja, ndogo, juu ya vichwa vya watu wote.

"Bahati, ulimuambia?"

Bahati alikuwa amekwishasimama. Alitikisa kichwa. "Hapana. Si miye."

"Ni nani njo alimuambia?"

Hakuna aliyetaja jina. Nilimtazama Mama Furaha ili anieleze, na Mama Furaha akaangalia miguu yake. Nikatazama benchi la mbele, nikatazama la nyuma. Wote walikuwa wanaangalia chini. Hakuna hata mmoja aliyeuliza nani kafa, na hapo ndipo nilipojua. Kila mtu anajua, Nakato alisema. Kumbe hata katika hili. Watu walionishika kichwa kila Jumapili na kuniuliza, "Baba hajafika tu?", walikuwa wanajua wanachouliza. Huzuni ilikuja baadaye. Kilichonifika kwanza kilikuwa aibu, aibu ya mjinga pekee katika chumba kilichojaa watu.

Adhana ikaisha. Hajati, ambaye sidhani alielewa kilichopita, akawasha amplifaya. Mtu fulani nyuma akasema taratibu, "Endelea, VJ." Na Bahati akaendelea. Sauti yake ilikuwa imepasuka, lakini alikaa akaendelea, akasema ile kofia ni ishara, Shofere ameiacha makusudi. Mama alikuwa anapita katikati ya magoti ya watu kuja kunichukua, na nyuma yetu baba yangu mdogo alikuwa anaendelea kumfufua mtu. Uongo nimejaribu kuusamehe. Kule kuendelea, sijaweza.

Sikuambiwa mengi siku ile. Lori lilikutwa limeungua, bibi alikuwa ndani, na Baba. Bahati ndiye aliyelikuta. Kesho yake Mama akanipeleka kwa kinyozi wa chini ya mwavuli, njia ya kushuka kutoka Kibuli. Kinyozi akamuuliza, zote? Mama akasema zote. Ile harufu ya mafuta na spiriti ikanijaa puani, na nywele zikawa zinaanguka mapajani mwangu pamoja na misuko aliyoivuta Mama kwa miezi yote ile. Sikulia. Mama ndiye aliyelia, ametazama barabarani. Shuleni hakuna aliyeniita mugole tena.

Tangu siku ile sikumwita Bahati baba mdogo. Nilimwita VJ, kama wateja. Alijibu kila mara, wala hakulalamika. Alizeeka katika chumba kilekile, vibanda vikafa, watu wakapata simu zao, yeye akabaki anafundisha watoto Kiingereza cha mitihani. Nilipopata kazi na nyumba katika fleti za Bugolobi nilimchukua Mama, yeye sikumchukua. Alipougua nililipia dawa na kusimama mlangoni mwa wodi. Kaburini nilitupa udongo kwa mkono wa kushoto, na watu waliniona.

Basi Jumamosi ile pale saluni, binti yangu alipomaliza kunyolewa, alistaajabu kuona sinyanyuki. Nilimwambia tungoje kidogo. Nilitaka kuliona daraja. Likaja, breki, mlango, uso wa Shofere dirishani, karibu kabisa. Nikainama kusikiliza Kiingereza chake.

Hakusema kitu. Alimtazama tu mwenzake, akavaa kofia vizuri, akaondoka. Midomo yake ilikuwa imefungwa muda wote.

Nilicheka kwa sauti mpaka kinyozi akageuka. Mwongo huyu! Hata pasipo na neno la kutafsiri alitia lake! Lakini njiani, binti yangu akishikashika kichwa chake kipya kwenye kioo cha gari, kicheko kikaanza kunikwama. Bahati hakuwa na kipaji cha kubuni. Kila neno aliloliweka katika mdomo wa mtu alikuwa amelichukua kwa mtu.

Nilimkuta Mama amekaa barazani na ungo, anachambua mchele. Nikavua viatu, nikakaa karibu naye, nikamuuliza kama mzaha: "Mama, unakumbuka Shofere alisema nini darajani?"

Hakuinua macho. Vidole vyake viliendelea kutafuta mawe.

"Umuambie mama wa mutoto," akasema polepole, "yule mudogo asikatwe nywele mpaka nifike nizione."

"VJ alikuibia wewe. Ule ubishi wako na shule."

"Hapana." Akatupa jiwe nje ya kibaraza. "Ile ilikuwa ya baba yako. Alimushusha Bahati ku njia panda, akamuambia ile maneno, akarudia. Ni Bahati njo aliniletea. Miye nilikuwa najua alishakufa. Nywele nilifuata tu vile alisema."

Nilimtazama mama yangu. Nilitafuta mahali pa kuweka hasira, na kila mahali palikuwa pamejaa. Maneno ya mwisho ya baba yangu, na mimi ndiye niliyetajwa ndani yake, yalipewa kibanda kizima cha watu waliolipa kuingia, kati ya mbuzi wa Hajati na samaki wa Mama Furaha. Nimeyabeba maisha yangu yote kama kichekesho.

"Kwa nini hamkuniambia?" nikasema. Sauti ilinitoka ya mtoto. "Mama, kwa nini hakuna aliyeniambia?"

Mikono yake ikasimama juu ya mchele. Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu anayedaiwa kitu alichokwisha kukitoa.

"Si ulisikia," akasema. "Ulipiga hata makofi."